Irabu Tano za Biira

Mhadhiri wetu wa fonetiki ana mazoea ya kuchora haraka. Siku ile alichora kile kisanduku chake kilichopinda, kipana juu na chembamba chini, akaandika i kwenye pembe ya juu kushoto, u kwenye pembe ya juu kulia, akaitupa a chini kabisa, kisha akatugeukia akitabasamu. "Irabu," akasema, "ndizo sauti rahisi kuliko zote. Hakuna kinachozuia hewa. Unafungua mdomo tu." Darasa zima likainama kuandika. Mimi niliweka kalamu chini, damu ikanipanda mpaka masikioni, nikatoka nje bila kuomba ruhusa.

Rahisi! Aende akamwambie hivyo mdogo wangu Biira. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile, mtu mzima mwenye kitambulisho cha chuo shingoni, na wenzangu walipotoka wakanikuta bado nimekunja ngumi. Niliwaambia kichwa kinaniuma. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba kisanduku kile nilikijua miaka mingi kabla yao, na kwamba nimekichukia tangu nikiwa na meno ya utoto.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bwera, huku mpakani mwa Uganda na Kongo, wakati nyumba nzima ilikuwa inagombania simu moja ya tochi na nyimbo za Kongo zimejaa kwenye memori kadi, mnajua jinsi Wakonzo tunavyopata majina. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na safari inaendelea. Hakuna anayechagua, jina linakungoja kabla hujatoka tumboni. Mimi ni Masika. Aliyenifuata ni Biira. Tulikuwa na majina ya ubatizo pia, lakini hayo tuliyatumia kama nguo za Pasaka: yalitoka siku moja, yakarudi sandukuni.

Biira alizaliwa anasikia. Alikuwa ameshaanza kuniita jina langu nusunusu na kuimba pamoja na redio. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa kali, akalazwa, akadungwa sindano mpaka makalio yakawa magumu kama ubao, kisha akarudi nyumbani. Mwili ulirudi mzima. Hakuna aliyetuambia chochote kuhusu masikio. Mama aligundua mwenyewe, siku sufuria ilipoanguka nyuma ya Biira ikapiga kelele za kuamsha jirani, na mtoto akaendelea kucheza na magunzi ya mahindi bila kugeuka.

Basi tukaanza kusemezana kwa mikono. Sikumbuki nani alianza. Mama alikuwa ni kuvuta ncha ya sikio, pale hereni inapokaa. Baba, aliyekuwa akizunguka milimani kununua kahawa, alikuwa ni vidole viwili vinavyosuguana kama anayepima ukavu wa punje. Mimi nilikuwa kidole kwenye kovu la paji la uso wangu. Jirani yetu mmoja mwenye maneno mengi tulimwita kwa kuchezesha kiganja chini ya kidevu, na tuliweza kumsengenya akiwa ameketi hapohapo anakunywa chai yetu. Kwa hiyo watu waliposema "yule mtoto asiyesema" nilikuwa sielewi wanamzungumzia nani. Biira alikuwa anasema kupita kiasi. Alikuwa anasema hata akiwa na bundu, ugali wetu wa muhogo, mdomoni, jambo ambalo mimi nilikatazwa.

Shida ilianza alipofika umri wa shule. Mama alituvalisha vizuri akatupeleka kwa mwalimu mkuu wa shule niliyokuwa nasoma. Bwana yule alikuwa mtu wa mbali. Kikonzo hakukijua, na kwa kuwa aliwahi kufundisha watoto wa askari kambini, Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Mama alipiga goti akamsalimu. Hakumwambia ainuke.

"Huyu nasikia?" akauliza.

"Hasikii, mwalimu. Lakini iko na akili sana. Akili yake inapita ya huyu mukubwa."

"Mimi nauliza masikio, nyinyi mnaleta akili. Hii ni shule, si hospitali. Sasa sikia. Siku ile mtoto ataweza kuitika jina yake kwa rejista, mlete. Kama haiwezi, akae nyumbani, achunge mbuzi. Maliza!"

Hatukuwa na mbuzi. Mama aliniambia hivyo njiani, kwa sauti ya kulia, kana kwamba tatizo lote lilikuwa hilo. Lakini neno lile alilishika kama amri ya Mungu: aitike jina lake. Mlango haukuwa umefungwa kabisa. Ulikuwa umeachwa upenyo, na mama mwenye mtoto kama yule akiona upenyo haulizi ni nani aliyeuacha wala kwa nini. Jambo lilikuwa wazi hata kwangu mtoto. Biira akisema "Biira", anasoma. Asiposema, hasomi.

Mama mdogo Kabugho, aliyeuza unga wa muhogo sokoni Kasese, ndiye aliyeleta habari ya Metre, yaani mwalimu kwa Kifaransa cha Wakongomani. Alikuwa Mkongomani, amepanga chumba ua uleule aliokaa Mama mdogo. Alikimbia vita upande wa Beni akiwa na begi moja na rozari, na huko alikotoka aliwahi kufundisha katika shule ya mapadri ya watoto viziwi. Viziwi walisema pale! Walisali Baba Yetu kwa midomo yao wenyewe! Mama mdogo aliyasema hayo akipiga makofi, unga ukimruka mikononi. Wiki ileile tulihamia Kasese, Biira na mimi, kwa sababu Biira hakukubali kwenda popote bila mimi.

Kasese ni joto. Sisi tuliotoka Bwera, ambako jioni mlima unatuma upepo wake, tulihisi tumewekwa ndani ya chungu. Asubuhi nilikwenda shule ya jirani, mchana nilirudi nikala bundu na sombe ya majani ya muhogo, na baada ya hapo tuliingia chumba cha Metre, ambako bati lilikuwa linalia kwa jua na mlango ulifunikwa kwa pazia la maua. Mahali pale palikuwa na harufu ya spiriti. Metre alikuwa msafi kupita kiasi. Kila kitu kitakachoingia mdomoni mwa Biira alikifuta kwanza kwa pamba yenye spiriti. Kijiko. Kidole chake. Mpaka leo nikipita karibu na zahanati nasikia ulimi wangu unajikunja nyuma wenyewe.

Ukutani alikuwa amechora kwa mkaa kile kisanduku kilichopinda. Aliniambia niangalie, kwa sababu mimi ndiye ningemsaidia mdogo wangu kukumbuka. "Hii ni mudomo," alisema. "Huku mbele njo meno. Huku nyuma njo koo. Juu ni juu, chini ni chini. Ulimi inatembea ndani. Ikipanda mbele, inatoa i. Ikipanda nyuma, na midomo inafanya duara, inatoa u. Ikilala chini, a. Hizi zingine mbili, e na o, zinabakia katikati ya njia. Basi. Mutu yote duniani anasema na hii nyumba."

Alieleza vizuri. Siwezi kumnyima hilo. Ni maelezo yaleyale niliyoyakuta chuoni yamevaa tai: ulimi umepanda kiasi gani, umepanda mbele au nyuma, midomo imeviringa au imetandazwa. Lakini yanamsaidia mtu anayesikia. Mtu anayesikia hupeleka ulimi huku na huku mpaka sikio limwambie hapo, umefika. Biira hakuwa na wa kumwambia umefika. Ulimi uko gizani nyuma ya meno, na i na e kwa nje ni tabasamu na nusu tabasamu. Aliambiwa atafute mahali asipopaona, kwa kuongozwa na sauti asiyoisikia, na akikosa anapigwa rula vidoleni.

Ndiyo, vidoleni. Kwa sababu vidole ndivyo vilivyokuwa na makosa. Sheria ya kwanza ya Metre ilikuwa Biira akalie mikono yake. "Mikono ikisema, mudomo inalala," alisema. "Minasema kweli, binti. Batoto benye kusema na mikono, sauti yao inakufa kabisa." Basi mdogo wangu alikaa kwenye kigoda, viganja chini ya mapaja, macho yamemtoka, na mikono ikimtoroka ili kuniuliza kitu, rula ikashuka. Aliuliza nini? Mara nyingi alikuwa anauliza kosa lake ni lipi. Kila nikikumbuka hilo natamani nirudi mle chumbani na urefu huu nilionao sasa.

A ilikuja siku ya kwanza. Metre alishika kidevu chake kwa vidole viwili, akakivuta chini, akaweka kiganja cha Biira kwenye koo lake mwenyewe ili ahisi mtetemo, akasema a. Biira akacheka. Kisha akajishika koo, akatoa kitu kikubwa, kipana, kizito, kilichomfanya Mama mdogo aache unga wake na kuja mbio kuchungulia pazia. Sikuwa nimesikia Biira akitamka kitu tangu alipougua. Nililia. Mama mdogo alilia. Hata Metre aliangalia dari.

U ilikuja kwa moto. Alimfundisha kupuliza jiko la mkaa, kisha kupuliza bila jiko, kisha kupuliza na koo likitetemeka. O ikafuata, kwa kulegeza mviringo. Lakini e na i zilitutesa miezi. Metre alileta punje za mahindi. Kwa i, punje moja ipite kati ya meno, kwa e, punje mbili, moja juu ya nyingine, asing'ate, asiachie. Biira alizila. Alizitafuna punje zile taratibu huku akimtazama machoni, na mimi nikacheka mpaka nikafukuzwa nje. Halafu kikaja kijiko, mpini wake ukisukuma ulimi mbele na juu, mbele na juu, mpaka mate yakachuruzika kwenye gauni. Alitapika mara nyingi. Metre alisubiri amalize, akamfuta mdomo kwa upole, akaufuta mpini kwa spiriti, akaanza upya. Mtu yule hakumcheka Biira hata siku moja, na hakumwonea huruma hata siku moja. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakifikiri mimi, maana hapo ndipo hasira yangu ilipotaga mayai. Baba alikuwa na redio ya kuzungusha kidude. Ukikizungusha, inakoroma, inapiga miluzi, halafu ukifika mahali penyewe hasa, mtu anaanza kusema kwa sauti safi kana kwamba yuko chumbani. Nilidhani kisanduku cha Metre ni kitu kama hicho. Niliamini kabisa kwamba ulimi wa Biira ukifika mahali penyewe hasa, kwa zote tano, masikio yake yatafunguka. Kwa nini kingine tungehangaika hivyo? Nani angemtesa mtoto mwaka mzima ili apate tu kutoa sauti ambayo mwenyewe haimfai? Kwa hiyo nilikuwa nahesabu moyoni: a tayari, u tayari, o tayari. Zimebaki mbili.

Na msidhani ni ujinga wa mtoto peke yake. Mama alipokuja kututembelea, amebeba kuku na maharage ya Metre, aliuliza mbele yangu, "Metre, akimaliza hizi tano, atakuwa sawa na wengine?"

Metre alikuwa anafunga miguu ya kuku. Hakumtazama. "Atakuwa sawa na bengine, mama."

Hakusema atasikia. Nimeirudia sentensi ile kichwani miaka yote hii na ni kweli, hakusema. Lakini alimwona Mama anavyomeza mate, alijua anachouliza, na akamwacha aondoke na furaha ya bure kwenye kitenge chake. Huo mimi nauita wizi.

Kuna jambo lingine dogo. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na nilipokuwa nikikariri irabu zake tano niligundua kwamba katika Kikonzo chetu ziko nyingine. Tuna i mbili, moja ya kukaza na moja ya kulegeza, na u mbili vilevile, na bibi yako atakucheka ukizichanganya. Nilimwambia Metre kisanduku chake kimepungukiwa. Nilimsemea maneno mawili matatu ya nyumbani. Alisikiliza kwa heshima, maana yeye hakuwa Mkonzo wala Mnande, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, akatikisa kichwa. "Izo ni za kwenu, za nyumbani," akasema, akionyesha mchoro ukutani. "Haziko ku tablo." Nami nikajifunza, nikiwa na miaka kumi, kwamba unaweza kuwa na kitu mdomoni kila siku ya maisha yako na mtu akakuambia hakipo kwa sababu hakukichora.

Tulichokatazwa chumbani tulikifanya chooni. Choo cha ua kilikuwa na mlango wa mabati wenye matundu, na mwanga ulipita wa kutosha kuona vidole. Pale tulisema yote. Biira alimpa Metre jina: kijiko kinachoingia mdomoni, kisha msalaba. Aliniuliza kwa nini Mama ametuacha. Nilimwambia kwa mikono, ukimaliza tano utanisikia. Akaniuliza: mimi nakusikia sasa, wewe hunisikii?

E ilipopatikana ikabaki i, nayo ilikuja mwishoni kabisa mwa mwaka, mchana mmoja wa mvua, bila kijiko. Sijui aliipata vipi. Alitandaza midomo, akafunga macho, ikatoka, nyembamba na kali, na Metre akaruka kutoka kwenye kiti. Kesho yake Metre alianza kuziunganisha. B ilikuwa rahisi, ni midomo tu. R aliisaidia kwa karanga ya kusaga aliyompaka nyuma ya meno, ulimi ukaenda kulamba ukagonga mahali pake. Bii. Ra. Biira. Sauti ilikuwa ya juu mno, ikipanda na kushuka pasipostahili, lakini mtu yeyote wa Bwera angeielewa. Mama alipopata habari kwa simu aliangua kilio kiasi kwamba Mama mdogo aliiweka simu mbali na sikio.

Shule ilipofunguliwa tulikuwa tumerudi Bwera, na Biira alikuwa na sare mpya, yenye mikunjo ya dukani. Wazazi wa darasa la kwanza walisimama kando ya uwanja. Sisi wa madarasa ya juu tulikuwa kwenye mistari yetu, na mimi nilijisogeza mpaka mwisho wa mstari, nyuma kidogo ya alipokuwa Biira. Mwalimu mkuu alitoka na rejista, akawasimamisha wadogo mbele yake. Kabla hajaanza alipiga kelele kwa mwalimu mwenzake, uwanja mzima ukisikia, "Hii ni nini? Biira, Biira, Biira, Masika, Masika. Hii ni majina ama ni namba? Mimi siiti mtu namba. Hapa tutatumia jina ya kanisa!"

Nilimwona Mama anashika mdomo.

Hatukuwa tumefikiri. Hebu oneni maajabu hayo: sisi Wakonzo, tunaoishi na akina Biira kila kona, ambao kila nyumba ina Biira wake, hatukufikiri kwamba darasani watakuwepo akina Biira wengine. Mama hakufikiri. Mama mdogo hakufikiri. Metre mgeni angejuaje? Nyumbani kulikuwa na Biira mmoja tu, na huyo ndiye aliyetapika mwaka mzima ili alipate jina lake. Na sasa jina lile lilikuwa la bure.

"Imakuleti!"

Biira alikuwa anautazama mdomo wa mwalimu mkuu kama alivyofundishwa, akisubiri midomo ikutane, itandazwe, kidevu kishuke. Alichokiona kilikuwa kingine kabisa. Jina lile hakulijua. Tangu kubatizwa hakuna mtu aliyemwita hivyo, na viziwi hawaitwi kwa jina la sandukuni.

"Imakuleti! Iko wapi?"

Watoto wote walimgeukia. Biira akanitafuta kwa macho. Niliinua mikono nikamwambia, ni wewe, anakuita wewe.

"Wewe huko nyuma! Weka mikono chini! Mdomo, si mikono! Hapa si soko ya mabubu!"

Sasa sikilizeni alichofanya mdogo wangu. Hakulia. Alimtazama yule bwana kwa makini, akaona mtu mzima ambaye kinywa chake kinakosea. Yeye alikuwa amekosea mwaka mzima, alijua kazi yake ilivyo. Akatoka mstarini, akamwendea, akainua mkono, akamshika mwalimu mkuu kidevu kwa vidole viwili, kama Metre, na kukivuta chini taratibu. Kisha akamwonyesha jinsi inavyosemwa. "Bii-ra!"

Ilitoka kwa nguvu, kengele ya kanisa haifui dafu. Na akina Biira wote mstarini, ambao walikuwa wamefundishwa nyumbani kuitika vizuri, wakaitikia kwa pamoja, "Yes, sa!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Walimu walicheka. Wazazi walicheka. Mwalimu mkuu aliutoa mkono wa Biira kidevuni kama mtu anayeondoa kinyesi cha kuku, akatoa kitambaa, akajifuta. "Huyu peleka," akamwambia Mama. "Huyu si wa hapa."

Mama alipiga magoti palepale kwenye vumbi. "Mwalimu, amesema! Nyote mumesikia, amesema!" Yule bwana alikuwa ameshageuza ukurasa. Ndipo Mama alipofanya jambo ambalo sijamsamehe, ingawa nimemzika. Alimshika Biira mabega, akamtikisa, akamfokea usoni mbele ya watu wote, "Sema! Sema tena! Sema yote!"

Biira alimsoma midomo. Akaweka mikono nyuma, maana hapakuwa na kigoda cha kuikalia. Akafungua mdomo akazitoa zote, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake: i, e, a, o, u. Sijawahi kuzisikia zikiwa safi namna ile, hata kwa mhadhiri wangu. Hapakuwa na mtu uwanjani aliyejua anachosikia. Mtoto mmoja alilia me-e-e kama mbuzi na wenzake wakamwiga.

Mimi nilijua. Zote tano, ulimi umefika mahali penyewe hasa kwa kila moja. Nikatoka mstarini mbio, nikasimama nyuma yake, karibu kabisa na sikio lake, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Biira!"

Hakugeuka.

Nikaita tena. Nikapiga makofi. Nywele zake zilitikisika kwa upepo wa viganja vyangu, na yeye aliendelea kumtazama Mama, mdomo bado umeviringa kwa ile u ya mwisho, akisubiri aambiwe kama amefika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia ukweli. Nilirusha jiwe kwenye dirisha la ofisi. Lilivunjika, nikachapwa, na fimbo zile sizijutii.

Biira hakusoma. Mwaka ule hakusoma, na mwaka uliofuata hakusoma, na siku hizi nasikia kuna mahali watoto viziwi wanafundishwa kwa mikono na walimu wenye mishahara, hongera zao. Mdogo wangu anauza nyanya soko la mpakani. Anafanikiwa kuliko wengi, maana pale Mkongomani na Mganda hawasikilizani vizuri na kila mtu anapatana kwa vidole. Ameolewa na fundi wa pikipiki aliyejifunza mikono yetu kwa miezi mitatu, bila kijiko na bila rula. Metre alirudi kwao, sijui kama yu hai. Mwalimu mkuu alipandishwa cheo. Debe tupu haliachi kuvuma, na kwetu likivuma sana hupewa ofisi kubwa zaidi.

Lakini tangu siku ile uwanjani, Biira hajatoa sauti. Hata moja. Hakucheka kwa sauti tena, hakulia kwa sauti tena, hata siku tulipomzika Mama. Watu wanasema ilikufa. Metre angesema mikono imeiua. Mimi najua haikufa, kwa sababu mwaka jana nilikuwa naye wodini alipokuwa anajifungua mtoto wake wa kwanza. Nilimshika mkono tangu alfajiri. Uchungu ulipompanda nilimwona anafungua mdomo, kidevu kinashuka, koo linajaa, a nzima iko pale tayari, na nikamwona anaimeza. Kila mara ilipanda, na kila mara aliimeza, jasho likimtiririka, vidole vyake vikiwa vimezama kwenye nyama ya mkono wangu.

Muuguzi alifurahi mno. Aliwageukia wanawake wengine waliokuwa wakilia vitandani mwao, akasema, "Muone huyu! Huyu njo mwanamke. Iko na uchungu na haipigi kelele. Mungu amemupa roho ngumu." Kisha akaninong'oneza kwa huruma, "Pole, dada. Sauti haina kabisa?"

"Sauti anayo," nikamwambia. "Amewanyima."